Jiwe Jeusi na Mwiba wa Semutundu

Bwera, 9 Juni 1974

Kwako Yaya Kahambu, dada yangu mkubwa, huko Butembo,

Mbele ya familia yote natangaza rasmi kwamba jino langu la nyuma, lile lililotusumbua tangu Kwaresima, limeng'oka lenyewe katikati ya misa. Mgongo wako unaendeleaje? Watoto wanakula? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inaruka kila lori likisimama.

Jumanne nilikuwa napeleka kikapu cha samaki wabichi Kasese. Hapo Muhokya kuna kizuizi cha askari. Afande mmoja akasema anatafuta magendo ya kahawa, akazamisha mkono kikapuni. Kahawa gani hukaa chini ya samaki, sikuuliza. Alikuwa anachagua mkubwa. Akampata semutundu, yule samaki mwenye ndevu, na mwiba wake wenye sumu ukamwingia kiganjani.

Akapiga kelele kwamba nimemfichia nyoka. Nikauchomoa mwiba, nikamwonyesha. Mkono ukavimba huku tunautazama. Akaniwekea bunduki kifuani: "Mimi nakufa, wewe unatangulia. Leta dawa."

Unatujua sisi, safarini hatukosi jiwe jeusi la kunyonya sumu ya nyoka. Nikalibandika. Likashika vizuri kabisa, na maumivu yakazidi. Jasho lilinishuka hadi kwenye soksi.

Tabisa, mama anayeuza chai hapo, akaninong'oneza kwamba wavuvi hutia mukono mu maji ya moto, moto wa kuvumilika, sumu ya samaki ikatulia. Nikamwomba amwambie afande mwenyewe. Akasema, "Mimi iko na batoto sita. Wewe iko peke yako."

Basi nikamweleza afande kwamba jiwe letu haliamki bila maji ya moto. Nikayapima kwa kiwiko changu, maana mkono wenye sumu haujui kama unaungua, nikauzamisha mkono wake pamoja na jiwe. Ilipopita saa nzima, akacheka, akaniita daktari. Nikamsihi aende hospitali achomwe sindano ya pepopunda. Akasema ya nini, na jiwe lipo? Akalitia mfukoni. Kesho yake yeye na wenzake walikuwa wanaingia porini, kwenye nyoka wa kweli.

Sasa nisikilize, Yaya, na usinilaani. Jiwe la kweli lilinipotea Mpondwe mwaka juzi. Lile ni mfupa wa ng'ombe niliouchoma mwenyewe. Na lile nililokuletea Pasaka, unalowafunga watoto kiunoni mkienda shamba, limetoka katika mfupa huohuo. Mtoto akiumwa na nyoka, usilibandike, mkimbize hospitali. Mimi namngoja afande aumwe, halafu anitafute. Gari la jeshi likipita, naingia nyuma ya magunia.

Wasalimie shemeji Anselme na mama mkwe wako. Mniweke katika rozari yenu, hasa siku za Jumanne.

Mdogo wako,
Xavier Kakule

Nimeifungua tena bahasha. Tabisa amepita hapa leo. Anasema jiwe lilimdondoka afande palepale alipopanda gari, na yeye Tabisa akalifagia na kulitupa pamoja na majani ya chai.