Simu Iliyolia Stoo

Shoga, uko hapo? Nimejifungia msalani, sijui nicheke au nilie.

Asubuhi simu yangu ilikuwa na asilimia nne. Nikaingia stoo ya ofisi, nikachomoa plagi moja, nikachomeka chaja yangu. Plagi MOJA tu!

Kumbe ni ya kile kisanduku kinachogawa intaneti na umeme kwa simu zote za mezani. Zote zikazimika. Bosi akatoka mbio: "Nani kagusa nini?" Na mimi hapo mapokezi nikakunja uso kama wenzangu. "Hata mimi nashangaa, bosi."

Na nilishangaa kweli!

Sasa sikia. Mtambo unaopokea simu za wateja hauko ofisini, uko huko mtandaoni. Ukiona simu za mezani hazipatikani, unawahamishia wateja kwenye namba ya akiba. Fundi wa mtambo huo aliniomba namba hiyo mwezi uliopita. Nikampa yangu.

Yangu, shoga. Ile iliyokuwa stoo.

Ikaanza kulia. Bosi anaufuata mlio, mimi nyuma yake. Akafungua mlango. Simu yangu juu ya rafu, plagi ya kisanduku chini sakafuni.

Akapokea, akaweka spika. Alikuwa fundi, anajaribu laini: "Hebu angalieni kama kuna mtu kachomoa kile kisanduku cha stoo."

Bosi kanitazama weee! Halafu akamjibu taratibu:

"Kachomoa. Tunasubiri simu yake ijae, imefika asilimia saba."