Jina Lililopanda Mlima

Mjukuu wangu Koku,

Sisi hapa Izimbya tu wazima, na kahawa imeanza kuiva. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake.

Umeniuliza kwa nini mimi kazi yoyote huitazama kwanza kwa mbali.

Enzi za Mwingereza, nilipokuwa shuleni, mzee Rwegasira alimtengenezea baba upya mashua yake ya zamani ya kubebea kahawa. Mwandiko wangu ulisifiwa, nami nikaomba kuichorea jina, MUGISHA. Baba alisita, lakini mzee akasema, "Mwache ajaribu. Ila binti, fuata ubao."

Niliona ubao wa ubavuni umekaa mshazari, nikatumia rula, nikanyoosha mstari sawasawa na ziwa. Sikurudi nyuma kuona kwamba mashua ilikuwa ufukweni juu ya magogo, mbele ikiwa imeinuliwa. Ilipoingia majini mbele ikashuka, na herufi zangu zikapanda kuelekea nyuma.

Wavuvi wakacheka. "Mugisha huyo anakwenda zake Kamachumu, mlimani!"

"Fundi, andika wewe," baba alisema.

Mzee Rwegasira akanipa mimi brashi, akamwambia baba kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, herufi zake ni nzuri. Magogo ndiyo yalimdanganya."

Nilikwangua jina, nikaitazama kwanza mashua yote kwa mbali, kisha nikaliandika tena ikielea, nimesimama majini, safari hii nikifuata ubao. Kopo la rangi alinishikia baba.

Mtoto mchanga tumempa jina lako. Likizo njoo umwone.

Bibi yako