Nilipozima Muziki wa Kavitha

Durban, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na unapata usingizi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Ni karani katika ukumbi wa barafu, ambamo vijana huteleza kwa viatu vyenye chuma chini, na siku za mashindano mimi ndiye ninayecheza kaseti. Waamuzi hutoa alama mbili: ya ufundi, yaani miruko, na ya uzuri.

Jana aliteleza Kavitha, msichana wa mtaa wa Chatsworth hapa Durban. Kwa uzuri hakuna anayemkaribia. Lakini bila ule mruko mkubwa wa kuzunguka hewani hashindi. Asubuhi alianguka mazoezini, nikamwona akifunga kifundo kilichovimba, kisha akalazimisha kiatu kiingie. Nilimweleza mwalimu wake. Akanijibu kwamba kazi ya karani ni kaseti.

Muziki ulianza. Kila alipotua, mguu ulimlegea. Alipogeuka kinyumenyume kujiandaa kwa mruko ule, mkono wangu ukabonyeza kitufe. Muziki ukakatika.

Mwamuzi mkuu, bibi mmoja mkali, akaja mezani kwangu. "Ni mashine au ni wewe?"

Mama, kanuni ni kwamba mashine ikiharibika, mtelezaji huendelea pale pale muziki ulipokatika. Pale pale ndipo penye mruko. Ningesema mashine, kazi yangu ingepona, na kibali changu cha kukaa huku kinategemea kazi hiyo.

Nikasema, "Ni mimi. Tazameni mguu wake."

Walimvua kiatu, wakamwondoa mashindanoni. Mwamuzi mmoja alinung'unika kwamba uzuri ule ungetosha hata bila kuruka. Mwenzake akamwuliza mbona basi kila mara ushindi anampa anayeruka.

Kavitha alipita mbele yangu amebebwa na baba yake. Akasema bila hasira, "Ningeweza, Anko."

Kesho meneja ameniita. Papa Mukendi, Mkongo ninayeishi naye hapa Albert Park, ananilaumu, akiniita mdogo wake kwa Kifaransa: "Petit, ungenyamaza tu. Kazi haiko." Ninaiogopa kesho, mama, lakini neno la yule mtoto ndilo linaloninyima usingizi. Huenda kweli angeweza.

Nisalimie baba mdogo na shemeji yangu aliyejifungua. Bibi mwambie aniombee, ingawa barua hii itawafikia mambo yameshaamuliwa.

Mwanao,
Idrisa