Chumba cha Mayahudi kwa Bi Salma

Sur, Oman

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mgongo utakuachia uandike mwenyewe safari hii, maana barua iliyopita niliujua mwandiko wa Hamadi ingawa maneno yalikuwa yako. Mimi ni mzima. Joto limepungua, na wanafunzi wameanza kunizoea, japo bado wananiita mwalimu wa Zinjibari.

Nina jambo la kukuuliza kama fundi mwashi.

Unajua nimepanga kwa Bi Salma, mjane aliyezaliwa Unguja. Nyuma ya ua wake kuna chumba kikubwa cha mawe anachowekea magunia ya tende. Yeye hukiita stoo. Majirani wazee hukiita chumba cha Mayahudi, na jina hilo likitajwa yeye hubadilisha mazungumzo. Siku ya kwanza nilipoingia niliona kidaka, shimo la ukutani kama mihrabu, kirefu kupita kimo changu, nikasema, "Kumbe palikuwa msikiti." Nilikosea kama angekosea mtu yeyote wa kwetu. Kidaka kinaelekea kaskazini, kimepinda kushoto, upande wa magharibi, nami bado naitafuta kibla kaskazini kama ulivyonifunza. Huku kibla ni magharibi.

Nikatazama tena. Pembezoni mwa kidaka pana matundu ya bawaba, maana yake kilikuwa na milango. Mihrabu gani ina milango? Kuta tatu zina baraza la mawe, na katikati sakafu imeinuliwa, kiasi cha mtu mmoja kusimama akisoma huku wenzake wamemzunguka. Juu kuna dirisha la kimia, pengine la wanawake. Kwenye mwimo wa mlango, mkono wa kulia, palichongwa tundu jembamba la mshazari. Chuoni nilisoma kwamba Mayahudi huweka hapo maandiko yao, na anayepita huyagusa. Na Baytul Muqaddas, Yerusalemu wanakoelekea Mayahudi wakisali, ukiwa hapa, iko kaskazini-magharibi. Nikajiambia: hili ni sinagogi.

Wazee wanasema palikuwa na jamaa chache, wauza nguo na mafundi wa fedha, walioswali hapo Jumamosi na kula pamoja uani, kisha wakahama mmoja mmoja. Walikokwenda, kila mzee ana jibu lake, kwa hiyo siwategemei sana.

Yangeishia hapo kama Rayya, binti wa Bi Salma, asingeposwa na kijana wa mji wa Ibra. Huku watu hawaozi mpaka waulize ukoo, na sisi tuliotoka Unguja huulizwa mara mbili. Neno moja baya kuhusu nyumba lingetosha kuivunja posa, na Rayya anampenda kijana huyo. Wiki moja kabla ya wageni wa upande wa kijana kuja, nilimkuta Bi Salma amesimama juu ya ndoo, anaziba lile tundu kwa chokaa.

"Mchwa," akasema kabla sijauliza.

"Kwenye jiwe, Bi Salma?"

"Wewe fundisha watoto. Ukuta niachie mimi."

Tangu hapo nilianza kujiuliza kama marehemu mumewe aliinunua nyumba ile, kama anavyosema, au aliirithi kwa wazee wake. Bi Salma naye alinishuku mimi. Ufunguo wa stoo uliondoka msumarini, na akizungumza kwenye simu alishusha sauti nikipita.

Wageni walikuja Alhamisi. Shangazi wa kijana, Bi Thuraya, mtu mzima asiyecheka ovyo, alinifuata jikoni nikimimina kahawa.

"Wewe ndiye uliyesoma. Kile chumba cha nyuma kilikuwa cha nini?"

Rayya alikuwa mlangoni na sinia ya halwa. Hakusogea.

"Mna tende, khala," nikamjibu kwa heshima.

"Sikukuuliza kilichomo."

"Ninachokijua kwa hakika ni tende."

"Basi nipeleke nikazione."

Bi Salma akaja na ufunguo, akafungua. Bi Thuraya hakuyatazama magunia. Alikaa kidogo barazani, akakitazama kidaka, akasema, "Pasafi." Wakati wa kutoka, vidole vyake viwili vilikwenda kwenye mwimo, vikatua palipozibwa, pale pale. Vikatoka na chokaa. Akavifuta kwenye ukingo wa shela yake. Kisha akamwambia Bi Salma, "Sisi tumeridhika. Harusi baada ya Ramadhani."

Baba, huenda nimesoma mengi mno. Huenda alikuwa anajishika tu, kwa kuwa kizingiti kimeinuka. Tangu siku ile, kila Bi Salma anapofungua kutoa tende, nakivuka kujipima, na kila mara mkono wangu hushika chini ya pale palipozibwa. Lakini mimi ni mfupi kuliko yeye.

Niambie: fundi wa Unguja akiletwa huku, anaweza kwa mazoea kukielekeza kidaka kaskazini, tena akakitia milango? Ukisema ndiyo, nitakuamini na nitaacha kuchunguza. Ukisema hapana, barua hii ichome. Na Hamadi, kwa kuwa najua ndiye anayekusomea mgongo ukikulaza, naye anyamaze.

Nisalimie Mama, Bibi mzaa mama, na Shangazi Mgeni aliyenishonea kanzu. Mwambie kitambaa hakijapauka.

Jana nimeukuta ufunguo umerudi msumarini. Bi Salma aliniona nikiutazama, akanimiminia kahawa.

Mwanao akupendaye,
Asya