Mistari ya Njano kwenye Pawa Saplai

Dada Tulia,

Kamwene. Mmeamkaje huko Mafinga, na baridi mnaionaje? Mtoto kikohozi kimeisha, au bado anakukesheza? Mimi mwili mzima, nakula, nalala. Ila moyo ndo haujakaa vizuri, ndo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu unanijua, nikiulizwa mara ya pili nanyamaza. Ile meseji yako, "umetuaibisha", nilianza kukujibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Hukuniuliza, dada. Uliniambia tu. Sasa nakuomba usome yote mpaka mwisho, halafu useme.

Wewe ndo ulileta habari kwamba umoja wenu wa maseremala unataka kompyuta ya ofisi, ya bei ya chini, na baba akasimama kwenye kikao akasema kijana wangu yuko dukani kwa binamu yake Festo huko Mbeya, atawaunganishia nzuri. Kaka Festo akaniita. Akasema, "Dogo, hii ni ya nyumbani, vifaa chagua mwenyewe. Mimi siingilii." Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Tangu nimefika hapa nilikuwa wa kupuliza vumbi na kufungua skrubu, kuchagua walikuwa wanachagua wengine.

Nikazunguka Mwanjelwa duka kwa duka. Nilikuwa nawaza kazi zako wewe pale mezani. Unaandika barua, unaprinti risiti, unaweka majina ya wanachama na mbao zao. Hiyo haitaki prosesa kubwa wala ile kadi ya watu wa magemu. Nikachukua prosesa ya kati ya mtumba na mazabodi yake, ram ya kutosha, na kesi ya bati iliyokwaruzika, maana mkwaruzo hauzuii kazi. Hadi diski za zamani nikazikataa, zinalia kama panya kwenye dari. Nikachukua SSD mpya, usiwe unaisubiri iwake huku watu wamepanga foleni.

Pale nilipokataa kubana bei ni pawa saplai, kile cha ndani kinachopokea umeme. Nilikumbuka ofisini kwenu, jirani wakiwasha msumeno taa inafifia inakuwa nyekundu, halafu inarudi kwa nguvu. Muuzaji akaniwekea mbili, moja kila mkono. Moja nyepesi kama kopo tupu, nyingine nzito kama tofali.

"Zote zinawaka," akasema.

"Zinawaka hapa," nikamwambia. "Kule kuna misumeno."

Akacheka, "Kumbe unaongea wewe." Nikachukua nzito.

Nikarudi nikaunganisha, ikawaka vizuri. Halafu nikafanya kama baba anavyofanya na mbao zake zisichanganyike na za watu. Nikachukua rangi ya njano nikapaka mistari miwili kwenye kila kifaa ndani, na juu ya boksi la kusafirishia pia. Kaka Festo alikuwepo, akatabasamu. Anaijua hiyo alama kama mimi, si alikaa kwetu miaka yote ile, na baba alitufundisha wote wawili pale kwenye magogo.

Kesho yake akanituma Chunya, kuna printa ya mnunuzi wa dhahabu imegoma. Nimerudi nywele zimejaa vumbi jekundu, boksi halipo. "Limeshapanda gari," akasema. "Mjomba atafurahi."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ulikuwepo. Kwamba baba aliona mistari juu ya boksi akawaambia watu pokeeni, hii ni ya kwetu, hakuna haja ya kuijaribu. Kwamba uliitumia vizuri siku chache, halafu jirani akawasha msumeno, ukatoka moshi, na majina yote uliyoyaingiza yakaenda na moshi. Kwamba walifungua wakakuta pawa saplai imeungua na ina mistari ya njano, na yule mzee wa samani akamwambia baba mbele ya watu, "Kumbe alama yenu nayo siku hizi ni ya kubahatisha."

Baba alinipigia siku hiyo hiyo. Hakupandisha sauti. Alisema, "Usiitumie tena alama yangu," akakata.

Nilijilaumu, dada. Nikasema labda ile nzito nayo ilikuwa mbovu, labda mimi ndo sijui. Kaka Festo akanishika bega, "Usijali mdogo wangu, kila fundi lazima aunguze." Nikamshukuru. Ndo kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru.

Halafu wiki iliyopita ikaletwa kompyuta ya meneja wa gesti moja hapa mjini, isafishwe vumbi. Nikafungua. Pawa saplai nzito, na ubavuni mistari miwili ya njano. Nikaitazama sana. Ilikuwa yangu.

Kaka Festo alikuwa anakula chipsi. Nikamwambia, "Kaka, hii ni ya nyumbani."

"Ipi?"

"Hii. Ya umoja."

Akafuta mkono. "Aa, hiyo. Meneja alikuwa na haraka, na ni mteja wa kila mwezi. Maseremala wanaandika barua tu, dogo, wanataka tofali la nini?"

"Ile iliyoungua ilikuwa na mistari."

"Niliipaka mimi. Mjomba akifungua akakosa mistari si angepata wasiwasi? Na nimeipaka kama ya kwake kabisa, wewe yako huwa imepinda." Akacheka. "Rangi inauzwa dukani, usiifanye kama damu."

"Mpigie baba umwambie."

"Nimwambie mimi? Wewe ni mtoto wake, atakusamehe. Mimi nina duka."

Unanijua. Nilifunga skrubu za kompyuta ya meneja zote, nikaweka bisibisi mezani, nikatoka. Sijarudi. Sasa nashusha viazi sokoni, na mama mwenye nyumba, Mnyakyusa mmoja mwenye roho nzuri, hajanisumbua kodi.

Festo ni Festo. Lakini baba ananijua toka nikiwa mdogo, na hakuniuliza hata neno moja. Anajua mimi ni wa mkono wa kushoto. Mistari yake yeye inalalia kulia, yangu mimi inalalia kushoto, haijawahi kulala kwingine hata nikijitahidi. Shangazi alitaka nichapwe niache, baba ndo akasema, "Mwacheni na mkono wake, nitazijua mbao alizopaka." Basi ile iliyoungua mistari yake imelalia kulia. Ilikuwa mbele yake. Aliutazama mkono usio wangu akasema ni wangu.

Barua hii nimempa dereva wa fuso la mbao, yule anayerudi Mafinga kila akishusha mzigo Tunduma. Nimempa pia kipande cha mbao kilichofungwa kwenye gazeti. Nimekipaka mistari miwili jana, kwa mkono wangu. Chukua ile pawa saplai iliyoungua, naomba isiwe imetupwa, weka na hicho kipande pembeni yake mezani kwa baba. Usimweleze kitu. Festo usimtaje. Atazame tu.

Akiona, kipande kibaki kwenu. Akisema bado ni mimi, mrudishie dereva aniletee, na mimi nitajua nyumbani hakuna wa kunitazama, nitatafuta maisha huku huku.

Msalimie shemeji, mwambie asimwage maji ya moto kwenye mizinga ya nyuki tena. Mbusu mtoto. Shangazi, mama yake Festo, msalimie kama kawaida, yeye hajui lolote na usimwonyeshe uso tofauti. Bibi mwambie blanketi lake nalilalia kila siku. Baba usimpe salamu yangu. Mpe kipande.

Nitakuwa stendi ya malori siku dereva akipita tena. Sijawahi kuomba mtu anifikie mikono mitupu, lakini dereva huyu ndo namwombea aje hivyo.

Mdogo wako wa mkono wa kushoto,
Elia