Kafuri Iliyobaki

Mpendwa Papa,

Kafuri yako inakwisha. Nakuambia wewe maana hapa nyumbani hakuna mwingine wa kumwambia.

Siku ya mazishi wanaume walikuosha chumbani, mlango umefungwa, nami nikakaa barazani na wanawake. Walipotoka, jirani yetu fundi cherehani alinipa karatasi iliyokunjwa: kafuri iliyobaki baada ya kukupaka. Nikaiweka kabatini. Juzi niliifungua nikakuta imepungua nusu. Hakuna aliyeigusa. Kafuri ndivyo ilivyo, hupotelea yenyewe hewani bila hata kuwa maji kwanza. Nasomea kemia, hilo nalijua vizuri, lakini niliketi kitandani nikalia.

Unakumbuka duka letu la dawa za kuchua hapa Kamembe, nyuma ya pazia la kijani? Ulitia kafuri kwenye chupa, halafu vile vipande vya mentoli vinavyochoma pua kwa ubaridi, vyote vikavu kabisa, ukafunga ukanipa nitikise. Moto hakuna, maji hakuna, na bado chupa ikajaa majimaji maangavu. Mara ya kwanza nilikushtaki kwamba umetia maji nilipogeuka. Ulicheka mpaka ukatafuta kiti. Kila nilipotaka kufungua kizibo nichungulie, uliushika mkono wangu.

"Tikisa tu, mwanangu. Hazijazoeana bado."

Chuoni nachunguza mambo hayohayo. Vitu viwili vigumu vikichanganyika, chembe zake hushikana hata kila kimoja kikashindwa kurudi kwenye ugumu wake. Kuna jambo nilitaka kukueleza likizo ile ambayo hukuifikia. Majimaji yale tuliyaona sawasawa chupa nzima, kumbe ndani si sawa hata kidogo. Mahali fulani chembe zimejikusanya, zimebanana, karibu hazitembei. Pembeni yake tu nyingine zinapita haraka. Jicho haliwezi kuona. Kwenye matanga nyumba ilijaa, chai ikazunguka, watu wakafikia hata kucheka, nami katikati yao sikuwa nasogea. Nani angejua?

Sasa wote wamerudi kwao. Naosha sahani moja. Naongea peke yangu jikoni, halafu naona aibu.

Basi, kabla kafuri haijaniishia yote, nilichukua mentoli dukani nikavitia pamoja chupani, nikatikisa. Sikufungua, Papa. Ikawa majimaji, kidogo tu, nikaongeza mafuta kama ulivyozoea. Nikaifunga kwa nguvu nikaificha nyuma ya pazia. Hiyo haikuwa ya kuuza wala ya kupaka mtu. Ilikuwa yangu.

Asubuhi ya leo akaja Maman Neema, yule anayevusha sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenda Bukavu ng'ambo ya mpaka, pale kwenye daraja la Rusizi II. Beseni kichwani, mkono umeshika bega.

"Dawa ya Mzee ilishaisha?" akauliza. "Alikuwaka ananipakia kila siku ya soko."

Nilitaka kusema imeisha. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Kile kilikuwa kitu cha mwisho kilichotoka kwenye chumba chako, na nikikitoa sina kingine. Lakini alikuwa ameshatua beseni, amekaa kwenye kiti chako bila kuambiwa, ameteremsha kitenge begani kama mtu aliyezoea. Nikaingia nyuma ya pazia, nikatoka na chupa, nikaifungua.

Nilimsugua mpaka akafumba macho. Iliyobaki nikampa aende nayo, maana mzigo ni wa kila siku. Alinusa kizibo, akaniangalia.

"Ni yeye kabisa," akasema.

Nilimsaidia kujitwika, nikasimama mlangoni mpaka akapotea kwenye mteremko wa kwenda darajani.

Pumzika, Papa. Kabati ni tupu, chupa imevuka mpaka. Umebaki kwenye kiganja changu cha kulia, nakunusa ninapoandika. Chakula cha jioni nimekula kwa kijiko, ili nisinawe.

Ni mimi, binti yako, mtikisaji wa chupa