Hedifoni za Baba

Lodwar, 9 Septemba 2012

Sally nyathina,

Ejok, mwanangu, hujambo? Watu wa Kakuma wameamkaje, na kile kifua chako kimepoa au vumbi bado linakusumbua? Sisi tuko, Mungu anatushika. Nimeamua kuandika kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema kwa simu. Kuta za ploti hii ni mabati, na ninayetaka kumsema analala upande wa pili.

Ni Wasike, jirani yetu. Jana mchana alikuja na panga.

Unajua tangu majambazi walipolipiga risasi lori la baba yako kule Kainuk, wakamuua utingo wake Lomunokol, masikio yake hayamsaidii. La kulia limekufa. La kushoto linasikia kama mtu aliye ndani ya tangi. Kwa hivyo TV anaifungulia hadi mwisho. Habari zikianza, vikombe vinatetemeka kabatini. Sasa Wasike ni bawabu, usiku yuko kazini, mchana anataka usingizi. Wiki nzima amekuwa akibisha. Jana hakubisha, aliupiga mlango teke.

"Omollo, zima hiyo kitu! Ama niikate, halafu nikukate na wewe!"

Baba yako hakusikia neno. Aliona tu panga, akachukua spana ya magurudumu. Nikaingia katikati. Panga lilipita hapa begani likachana leso. Ngozi halikugusa, usishtuke.

Nimemwomba apunguze sauti. Anasema, "Ajwang, nikipunguza nabaki peke yangu." Nifanye nini?

Ni mimi mama yako

*

Kakuma, 23 Septemba 2012

Mama mpendwa,

Pole, pole sana. Kifua changu kimetulia, ni roho ndiyo haijatulia. Barua yako niliisoma nimesimama mbele ya mitumba yangu, na wateja wakaniuliza nimefiwa na nani. Hapa nako si kuzuri. Jumatatu vijana walikatana mapanga kwenye bomba la maji la kambi ya wakimbizi, mmoja akaletwa amebebwa kwa blanketi likidondoka damu hadi karibu na meza yangu. Nilifunga mapema. Sitaki kufikiria panga likiwa ndani ya nyumba yetu.

Dereva anayekuletea barua hii akupe mfuko mweusi. Ndani kuna hedifoni zisizo na waya, nimezipata kwa Msomali anayeuza vitu vya stima kambini. Kale kaboksi kadogo mchomeke nyuma ya TV, mahali pa sauti. Baba avae hizo zenyewe kichwani. Anaweza kukaa hata pale mlangoni kwenye upepo, hakuna kamba ya kumvuta. Kisha sauti ya TV muizime kabisa. Atasikia yeye tu, na Wasike atalala.

Nilizijaribu dukani, Mama. Mtu anaongea kama yuko ndani ya kichwa chako.

Kaa mbali na panga. Ukiona linakuja, kimbia, usiingie katikati tena.

Bintiyo, Sally

*

Lodwar, 14 Oktoba 2012

Sally wangu,

Hujambo na biashara haijambo? Nakuandikia nikicheka, kwa hivyo ukiona maandishi yamepinda ujue ni hiyo.

Baba yako amelia. Alivaa vile vitu, machozi yakashuka. "Ajwang," akanipigia kelele kana kwamba mimi ndiye kiziwi, "nimemsikia huyu mama wa habari akivuta pumzi!" Sasa anaijibu TV kwa sauti ya kuita ng'ombe. Ploti nzima inajua mbunge gani ni mwongo. Lakini hiyo Wasike ameivumilia. Juzi amenisalimia, akauliza nyumbani ni wazima.

Mimi naangalia picha tu. Watu wanafungua midomo na hakuna kitu. Nimezoea kumtazama baba yako usoni ili nijue habari ni nzuri au mbaya.

Kuna jambo moja. Ikija sinema ya bunduki, jasho linamtoka. Juzi nilimkuta amejikunja chini ya meza, hedifoni kichwani. Nikamwambia avue. Akakasirika: "Miaka mitatu sijamsikia mtu vizuri, leo nivue kwa sababu ya sinema?" Mambo ya Kainuk hajawahi kunisimulia hata siku moja, nami sikumchokoza.

Mungu akubariki kwa mkono wako mwema.

Mama

*

Kakuma, 20 Januari 2013

Mama,

Leo salamu zangu ni fupi. Uko hai?

Krismasi nilituma kadi, hukujibu. Simu yako imezimwa. Nilidhani ni chaji. Jana Jepkoech, yule karani wa nyumba ya mwisho pale kwenu, amekuja huku kikazi. Alinikuta sokoni akashindwa kuniangalia machoni. Nikamshika mkono: "Dada, sema." Ndipo akaniambia Baba alikuvunja mkono na kukukaba hadi ukabadilika rangi, na kwamba watu wa ploti ndio waliokutoa chini yake.

Na wewe umenyamaza! Unamficha! Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akikuinulia mkono. Ameanza lini? Ni pombe? Nimemwambia Byron, na ndugu yangu kichwani mwake yuko njiani tayari: anasema atatoka Kitale aje amfanye Baba vile alivyokufanya. Mimi sikumkataza. Nakwambia ukweli, sikumkataza.

Zile hedifoni nimezinunua mimi. Jepkoech anasema Baba alikuwa amezivaa. Zichome.

Nimepanga gari lije kukuchukua. Usiniambie habari za kuvumilia. Jibu, na kama huwezi kuandika, tafuta mtu akuandikie.

Sally

*

Lodwar, 2 Februari 2013

Sally nyathina,

Mwandiko huu unaujua. Ni wa baba yako, lakini maneno ni yangu. Mkono wangu wa kulia uko kwenye plasta. Ananiinamishia sikio la kushoto nami nampigia kelele, sentensi baada ya sentensi. Majirani wangeniandikia. Nimetaka aandike yeye.

Wewe u mzima? Umekula? Sikukujibu kwa aibu, mwanangu, si kwa kumficha.

Ilikuwa Jumamosi mchana kabla ya Krismasi. Nilikuwa nachambua mchele. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Kwenye TV niliona askari wakifyatua bunduki bila sauti, kama watoto wanaocheza. Sauti yote ilikuwa kwake. Akaruka, akanishika mkono na kunitupa chini. Nilisikia mfupa ukikatika. Kisha akanilalia, kiganja juu ya mdomo na pua. Kadiri nilivyorusha miguu ndivyo alivyobana. Alikuwa akininong'oneza sikioni: "Lomunokol, nyamaza. Wanarudi. Nyamaza wasikusikie."

Nilimng'ata hadi nikaonja damu. Hakuachia.

Wasike alisikia miguu yangu ikipiga mabati. Alivunja mlango akampiga rungu la kichwa, wengine wakaingia, wakamburuta nje. Walimng'oa meno manne, wakamvunja mbavu. Mmoja alikuja na tairi la kumchomea. Ni Wasike aliyesimama juu yake akasema, "Imetosha. Huyu mtu hayuko hapa, hamuoni macho yake?"

Ni hospitalini baba yako alipoanza kusimulia. Siku ile Kainuk, Lomunokol alipigwa risasi ya tumbo akamwangukia, na baba yako akajifanya maiti chini yake. Majambazi walikuwa wameshaondoka. Lakini yule kijana alimwita mama yake, alimwita sana, wakamsikia wakarudi kummaliza. Bunduki ilikuwa shubiri moja kutoka sikio la baba yako.

Kwa hivyo usijilaumu kwa hedifoni. Zilikanyagwa mlangoni zikaisha, lakini risasi zilikuwa ndani yake kabla hujanunua kitu. Na Byron mwambie abaki Kitale. Kipigo baba yake amekwisha kukipata, hakikumponya.

Sasa andika hili, Omollo. Ninajua hukukusudia. Nimekusamehe. Na ninakuogopa. Ukipita nyuma yangu, nageuka nikutazame. Usiku nalala kwa Wasike na mkewe.

Sally, gari lije Jumatano. Nitakaa huko. Baba yako ameanza kwenda kwa daktari wa akili pale hospitali, na daktari amesema ni safari ndefu. Kama nitarudi sijui, na asiniulize.

Mama

Sally binti yangu, hapa ni mimi sasa. Mama yako alipofika pale pa kuogopa nilisimamisha kalamu. Alinipigia kelele: "Andika!" Nimeandika.

Nitamwekea mfuko wake mlangoni mapema, kisha nikae kanisani hadi gari liondoke. Maharagwe magumu mama yako bado hawezi, taya inamuuma tangu siku ile. Akiwa amelala usimguse kumwamsha. Simama mlangoni, umwite jina kwanza.

Baba yako